Sindano ya Ng'ombe, Sindano ya Nguruwe

Champa na Time walikuwa majirani kwenye fleti za kaunsili, nyumba za serikali ya mtaa, huko Tottenham, London. Mlango kwa mlango. Champa alikuwa Mhindi wa Kisumu. Alifika London mwaka 1968, pamoja na Wahindi wengi waliotoka Kenya. Sasa ulikuwa mwaka 1988. Mume wake alishafariki, na yeye aliishi na mwanawe Mahendra, dereva wa basi. Time alikuwa Mpemba. Siasa za kwao ndizo zilizomfukuza.

Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Na kisukari. Kila asubuhi kila mmoja alijidunga insulini yake, halafu wakakaa kunywa chai isiyo na sukari.

"Kiswahili chako cha bara kinakwaruza masikio," Time alimchokoza.

"Na chako cha Pemba kinataka mkalimani."

Asubuhi moja Mahendra alifungua friji kutafuta maziwa. Akaliona boksi la insulini, akalisoma. Huyu kijana mdomo wake haukuwa na breki.

"Mama, unajua hii kitu imetoka kwa ng'ombe?"

Champa aliacha kusukuma chapati. "Ng'ombe gani?"

"Wa machinjioni. Wanaitoa kwenye kongosho lake. Si imeandikwa hapa."

Champa hakuwahi kula nyama maisha yake yote. Na kwake ng'ombe ni kama mama. Mahendra akanywa maziwa, akaenda zake kazini. Champa akaenda kwa Time analia.

"Basi sijidungi tena," alisema. "Bora nife safi."

"Ufe uniachie nani wa kumtukana?" Time alisema. Lakini na yeye akaingiwa na shaka. Akatoa boksi lake, akavaa miwani.

"Lahaula! Yangu ya nguruwe! Na mie dukani namhoji muuza nyama mpaka ananikimbia!"

Wakaangaliana.

"Shoga," Time alisema, "mie ng'ombe nala. Tubadilishane."

"Na mimi nijidunge nguruwe?"

"Wewe huli mnyama yeyote, najua. Lakini nguruwe si mama yako."

Champa alifikiri. "Kweli. Nguruwe simjui."

Walicheka mpaka machozi. Wakabadilishana vichupa. Walidhani wamemaliza tatizo.

Hapo ndipo walipokosea. Insulini si zote sawa. Ya Champa ilikuwa ya polepole, inafanya kazi siku nzima. Ya Time ilikuwa ya haraka, ya kudungwa kabla ya kula, na kipimo chake kilikuwa kidogo. Kesho yake Champa alijidunga insulini ya Time, lakini kwa kipimo chake mwenyewe. Kipimo kikubwa.

Time alipokuja kunywa chai, alimkuta jikoni.

"Champa, mbona unamimina chai kwenye unga?"

Champa alimtazama kama hamjui. Jasho lilikuwa linamtoka. Mikono ilikuwa inatetemeka. Aliongea, lakini maneno hayakueleweka. Time alijua hali hiyo. Sukari imeshuka. Isipopandishwa haraka, mtu anazimia, na anaweza kufa.

"Mahendra! Amka! Koroga sukari kwenye maji, nyingi! Upesi!"

Mahendra alikuja mbio, akaleta gilasi.

"Mpe kidogo kidogo. Bado anaweza kumeza. Angezimia, tusingemtia kitu mdomoni, angepaliwa. Sasa ita ambulensi!"

Champa alipona. Hospitali walimpima na Time pia, kwa sababu alikuwa anakunywa maji kama ngamia. Sukari yake ilikuwa juu sana. Insulini ya Champa, kwa kipimo kidogo cha Time, haikumtosha.

Nesi wa kliniki ya kisukari aliitwa Msabaha, mtu wa Malindi. Aliposikia habari ya kubadilishana, alishika kichwa.

"Mama zangu, mlitaka kuuana?"

"Tuliona haya," Champa alisema. "Daktari utamwambiaje habari za dini?"

"Unamwambia hivyo hivyo. Usiposema, unaacha dawa au unaazima ya jirani, halafu tunakuzika. Na kumbe dawa nyingine ipo. Inaitwa insulini ya binadamu."

Time aliruka. "Astaghfirullah! Sasa mwatudunga maiti?"

Msabaha alicheka mpaka akakaa. "Hapana, mama. Mnajua hamira?"

"Nani asiyejua hamira?"

"Hamira ni kiumbe hai, kidogo sana. Ndiyo maana unga unaumuka. Sasa, ndani ya mwili wa mtu kuna maelekezo ya kutengeneza insulini. Ni kama maelekezo ya mapishi. Wataalamu wameyanakili, wakayaweka ndani ya hamira. Hamira inayafuata, inapika insulini kama ya mtu. Wanaichuja, wanaisafisha. Wengine wanatumia bakteria. Hakuna ng'ombe, hakuna nguruwe, hakuna maiti."

Champa aliuliza, "Hamira ndiyo inanipikia mimi?"

"Ndiyo. Na kwa njia hiyo hiyo wanatengeneza chanjo ya ugonjwa wa ini. Wanajaribu hata kugandisha maziwa yawe jibini bila kutumia dawa inayotolewa kwenye tumbo la ndama."

"Jibini?" Champa aligeuka. "Jibini ya hapa ina tumbo la ndama?"

"Mama," Mahendra alisema, "leo inatosha."

Daktari aliwabadilishia wote wawili. Aliwapa kila mtu aina yake na kipimo chake. Msabaha aliwaonya wapime damu ya kidole mara kwa mara, kwa sababu mwili unaweza kuipokea dawa mpya tofauti. Na kila mmoja atembee na peremende mfukoni, za kula sukari ikishuka.

Sukari zao zilitulia. Champa alianza tena kwenda hekaluni kila wiki, akapanda ngazi bila kuhema. Siku moja, mama mmoja anaitwa Damyanti alimvuta pembeni. Alikuwa amekonda, midomo imemkauka.

"Nimeacha sindano," alinong'ona. "Nimeambiwa ni ng'ombe. Usimwambie mtu."

"Nitamwambia nesi," Champa alisema. "Wewe utakuwepo."

"Leo? Sala bado haijaisha!"

"Mungu atakusubiri. Sukari haisubiri."

Damyanti alianza kubisha. Champa alishamshika mkono na kumtoa nje, na basi la kwenda hospitali lilikuwa linakuja.