Wasomaji wa Kitabu Kilichozikwa

Jua lilikuwa linazama nilipoingia ukumbi wa maktaba na picha ya marehemu kwapani. Mjane wake ndiye aliyenituma nikaichukue kwa fundi wa fremu. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu tumzike, na wasomaji wake walikuwa wamekusanyika kumkumbuka.

Wasomaji! Niacheni nicheke.

Kwa miaka ishirini na miwili nilimpigia chapa mtunzi yule riwaya zake zote tisa, kwa hiyo watu wake nawajua. Kinyozi aliyeketi mbele na leso mkononi alikuwa amekisokomeza kitabu chake kimoja chini ya kiti chake cha kunyolea kisiyumbe. Mwalimu mstaafu, na miwani yake yote ile, hajawahi kuvuka jalada. Na marehemu mwenyewe? Mwizi. Mweleze msiba wako asubuhi, jioni keshautia nukta na mkato.

Wangu aliutia katika riwaya ya kumi, ambayo ilikuwa haijatoka. Nilimweleza mara moja tu jinsi mama yangu, akili zikiwa zimeshamruka kwa uzee, alivyofariki. Nilimfungia mlango kwa nje asije akatangatanga, nikaenda kazini. Niliporudi nilimkuta sakafuni, amekwisha kupoa.

Akaandika yote.

Alipokufa ghafla, kabla mtu mwingine hajaiona kazi hiyo, nilikusanya kurasa zake za mkono na zangu za chapa, pamoja na bunda la karatasi tupu lililokuwa limebaki mezani. Nikalisukumiza rundo lote ndani ya jeneza, chini ya mgongo wake. Nenda nazo, nikasema moyoni.

Sasa kinyozi akasimama. Nikajiandaa kusikia upuuzi.

"Mimi kilichonichoma," alisema, "ni yule mama aliyefungiwa."

Nikaibana picha kwapani.

"Mama gani?" nilimuuliza.

Alianza kutoa sentensi moja baada ya nyingine, neno kwa neno, kama nilivyozipiga chapa. Akanyamaza katikati ya sentensi... na mwalimu akaidaka palepale, bila hata kusimama. Sauti ileile. Kavu. Haipandi wala haishuki.

Kisha harufu ikaingia.

Udongo mbichi.

Mjane, aliyekuwa ubavuni mwangu, aligeuza shingo taratibu. "Mama alikuwa akigonga kwa kiganja," alinong'ona, "maana vidole vilishachubuka."

Hilo sikulipiga chapa mimi. Halikuwamo.

"Dada," nilisema, "umelisoma wapi hilo?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Kwa pamoja.

"Amemalizia mwenyewe," alinong'ona mjane. "Karatasi ulizomwekea zimekwisha. Anaomba nyingine."

Picha ikaniponyoka. Kioo kikapasuka, paa!

Watu wakashtuka, kisha wakapiga makofi kama waliotoka kusikiliza hotuba ya kawaida. Kinyozi akawa anajifuta machozi. Nilimvuta shati.

"Ulisema nini pale mbele?"

"Si nimesema marehemu alikuwa mcheshi?" Alinikodolea macho. "Vipi, dada, mbona umesawijika hivyo?"

Niliondoka bila kuaga. Njiani nilijifariji kwa dharau yangu ya siku zote. Watu wale hata barua ya mjomba inawashinda, watakumbuka nini?

Asubuhi nilikwenda kununua nyanya kwa muuza mboga wa mtaani kwetu. Mwanamke yule hajui kusoma hata jina lake. Amehamia hapa juzijuzi. Mama hakumjua, na ukumbini hakuwapo. Alinifungia nyanya, akaniinamia karibu.

"Pole na mama," alisema kwa sauti ya chini.

"Mama alifariki zamani. Nani kakwambia?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea haya mwongo.

"Lakini siku ile kazini ulichelewa, dada. Ulisimama kwanza nje ya mlango, ukamsikiliza mpaka akanyamaza. Au siyo?"

Hilo sijawahi kumwambia kiumbe yeyote. Hata mtunzi sikumwambia.

Nyuma yangu wateja wawili waliokuwa wakichambua vitunguu wakaacha kuchambua.

Walikuwa wananingoja nijibu.