Ushuru wa Nusu

Fundi viatu wa mstari wa tatu sokoni alijulikana kwa mambo mawili: kushona soli na kubana matumizi. Ushuru wa kibanda ulikuwa mia mbili kwa siku. Yeye alitoa mia moja tu. Mkusanya ushuru aliitia mfukoni, risiti haikukatwa.

"Umepona, nami nimepona," mkusanya ushuru alisema kila asubuhi, akaenda zake. Fundi alijiona mjanja kweli kweli.

Jumatatu moja tangazo likabandikwa getini. Vibanda vitajengwa upya. Mwenye risiti za miezi mitatu atapewa kibanda. Asiye nazo atatoka. Mwisho wa kuzipeleka ni Ijumaa.

Mke wake alikuja mbio kibandani.

"Baba watoto, risiti zetu ziko wapi?"

Fundi akajifanya anatafuta msumari.

"Nakuuliza wewe!"

"Sina."

"Hata moja?"

Fundi akatikisa kichwa. Kodi ya nyumba, chakula, karo ya watoto wanne, vyote vilitoka kwenye kibanda kile. Mke akakaa chini.

Fundi alimfuata mkusanya ushuru, akamdai risiti za mia zake. Yule bwana akamkazia macho. "Mia zipi? Una ushahidi gani?"

Fundi alirudi kibandani. Jirani yake, mshona nguo aliyekuwa katika kamati ya soko, akasimamisha cherehani.

"Kaka, mbona umepauka hivyo?"

Fundi akamweleza yote. Aibu ilimjaa.

"Sikiliza," alisema mshona nguo. "Ushuru wenye risiti unaingia ofisini. Ndio unaolipa maji, mlinzi na mzoa taka. Usio na risiti unaishia mfukoni mwa mtu. Kwenye vitabu vya soko, hujalipa hata senti."

"Kumbe ndiyo maana bomba la chooni limekauka?"

"Ndiyo hiyo. Tuko vibanda themanini. Ofisini wanaona thelathini. Maji ya watu themanini yatatoka wapi?"

"Sasa nifanye nini, dada yangu?"

"Twende ofisini sasa hivi. Useme ukweli wote, na wa kwako pia. Uombe kulipa malimbikizo kidogo kidogo."

"Wakinifukuza je?"

"Ukikaa kimya watakufukuza kwa hakika."

Msimamizi wa soko alimsikiliza bila kutabasamu. Akaandika maelezo yake, akampa karatasi atie sahihi.

"Utalipa kila wiki," alisema. "Lakini kibanda sikuahidi. Kamati itaamua."

Habari zikaenea. Kabla ya Ijumaa, wenzake kumi na mmoja walikwenda kusema yao. Mkusanya ushuru akasimamishwa kazi.

Mwezi ule ulikuwa mgumu. Nyumbani chai ilinywewa bila sukari. Kila asubuhi fundi alilipa mia mbili kamili, akasoma tarehe na kiasi kwenye risiti kabla ya kuiweka ndani ya mkebe. Bomba la chooni likaanza kutoa maji tena, lakini yeye hakupata raha. Alikula matonge mawili, akasukuma sahani.

Siku ya kubandikwa majina ya watakaopewa vibanda, watu walisongamana ofisini. Fundi hakuthubutu kutazama. Mke wake akapenya hadi ukutani. Kidole chake kikashuka polepole kwenye orodha, kikasimama.

"Mbona umenyamaza?" fundi aliuliza. "Hatumo?"

"Tumo," alisema mke wake. "Ngoja kwanza, nataka nilisome jina lako tena."