Picha Iliyobaki Nzima

Saluni ya Mama Vidole ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Mlikuwa na viti vitatu, kioo kirefu ukutani na redio isiyonyamaza. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu alisuka haraka kama cherehani.

Kila msuko ulipokwisha, aliupiga picha na kuiweka kwenye ukurasa wa saluni mtandaoni. Jumapili moja aliweka msuko wa bibi harusi mtarajiwa. Ukurasa ulionyesha kichwa tu, ndani ya kisanduku cha mraba.

"Safi!" alijisemea. "Mtandao wenyewe umenikatia pembeni."

Jumatatu mchana Mwalimu aliingia bila hodi. Alikuwa mteja wa siku nyingi. Dawa za hospitali zilikuwa zimempukutisha nywele zote. Waliojua ni mumewe na Mama Vidole tu, aliyempaka mafuta kichwani nyuma ya pazia.

"Karibu, Mwa..."

"Fungua ukurasa wako. Iguse ile picha."

Mama Vidole aliigusa. Picha ikatanuka, ikajaa simu nzima. Pembeni kilionekana kioo cha ukutani. Ndani ya kioo, pazia lilikuwa limeachia. Mwalimu alikuwa ameketi pale, kichwa kitupu kama kiganja.

Nusura simu imponyoke Mama Vidole.

"Haki ya Mungu, Mwalimu, sikujua!"

"Nimeingia darasani, watoto wote kimya." Sauti ya Mwalimu ilikuwa ndogo. "Mmoja akaniuliza, 'Mwalimu, unakufa?' Nikatoka nje."

Akaondoka. Mama Vidole akakimbilia duka la kuchapa nyaraka, alikofanya kazi wifi yake.

"Wifi, nimeua mtu! Tazama!"

Wifi alipenda utani, lakini siku hiyo hakucheka. "Ifute kwanza. Sasa hivi."

Mama Vidole akaifuta. "Imeondoka kwa watu wote?"

"Aliyekwisha kuihifadhi hatumfikii. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Lakini ilikuwa imekatwa!"

"Haikukatwa, wifi yangu. Ukurasa ulikuonyesha katikati tu. Ukichungulia dirishani huoni chumba kizima, lakini chumba kipo."

Wifi akafungua kivinjari kwenye kompyuta, ile programu ya kusomea tovuti. Akaingia kwenye tovuti ya kurekebisha picha, akapakia picha nyingine ya msuko.

"Bonyeza 'Kata'. Vuta pembe hizi. Cha ndani kinabaki, cha nje kinakwenda. Sasa hifadhi kwa jina jipya. Mtandaoni weka hii mpya, si ile ya zamani."

"Basi?"

"Bado. Iguse, uione kama mgeni atakavyoiona. Na picha yenye siri ya mtu usiipandishe kwenye tovuti yoyote, hata kama unataka kuikata tu. Ikate humo humo kwenye simu yako."

Wakapitia picha zote za ukurasa, moja moja. Ya kumi na moja ilipofunguka, Mama Vidole alipiga yowe. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na mtoto wa mteja alikuwa akioga kwenye beseni!

"Mungu wangu! Mwaka mzima iko hapa!"

Walifuta sita siku hiyo.

Jioni alikwenda kuomba radhi. Mwalimu alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Watoto nimewajibu kwamba natibiwa," alisema. "Wewe sijui nikujibu nini."

Tangu hapo Mama Vidole hakupiga picha bila kuomba ruhusa. Alitazama kioo, mlango na pazia. Alikata, akahifadhi, akagusa kuhakikisha. Wateja walianza kumletea picha zao awakatie.

Wiki ya tano, Mwalimu aliingia akaketi. Aliomba simu, akafungua ukurasa. Aligusa picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho.

Mwalimu akaiweka simu chini. Akafungua kitambaa cha kichwani.

"Haya, nipake mafuta," alisema. "Taratibu kisogoni. Zimeanza kuota."