Mashine Ilisema Karibu

"Karibu Mgeni," mashine ya mlangoni ilisema, mlango ukafunguka, na hakuna aliyeingia.

Pitchou, bawabu wa ghorofa lile la mtaa wa Hillbrow, alichungulia nje mpaka kwenye robot ya kona, zile taa za magari, akarudi akijikuna shingo. "Eish, kaka Vuai! Hii mashine yako iko inakaribisha nani? Miye sioni mutu."

"Utaizoea," alijibu Vuai, fundi wa programu ya ile mashine, bila hata kuinua macho kwenye kompyuta yake. Mzanzibari yule alikuwa na kichwa kigumu, na mwaka ule wa 2018 hakuna aliyeweza kumwambia kitu kuhusu kazi yake.

Na kazi yenyewe aliijua. Mpangaji akiweka kidole, mashine ilimtumia Vuai safu moja iliyochanganyika: jina, namba ya mlango, jina, namba ya mlango, maandishi na tarakimu pamoja. Aliandika kwa Ruby, lugha ya kompyuta, programu ya kuigeuza safu hiyo iwe hashi, yaani kila jina liwe ufunguo, na namba inayolifuata iwe ya jina hilo na si ya jingine. Jina likishapata namba yake, mlango unafunguka na spika inakukaribisha kwa jina lako. Karibu hiyo aliiweka mwenyewe, maana jengo zima lilikuwa la wahamiaji wenye Kiswahili chao, Wakongo, Warundi na Watanzania, na watu waliipenda.

Kisha kitu kikaanza kujipenyeza kati ya majina na namba. Si maandishi, si tarakimu, kitupu kabisa. Ruby ilikikuta ikagoma, milango yote ikagoma nayo, wapangaji wakamtukana Vuai mpaka basi. Kwa hasira akaandika mstari mmoja: chochote kisicho jina wala namba, kiite Mgeni. Jamani, hebu fikiri! Mtoto wa Makunduchi, aliyelelewa kuuliza "nani?" kabla ya kuitikia hodi, anakipa jina kitu asichokijua, halafu anakiwekea na mashine ya kukikaribisha.

Mchana wa siku ile Pitchou alipouliza, Jacques, fundi cherehani wa ghorofa ya tisa, aliweka kidole. Mashine haikumtaja. "Karibu Mgeni," ikasema. Jacques akacheka, akapanda. Haukupita muda, harufu ya nywele zilizoungua ikashuka kwenye ngazi, ikifuatwa na kishindo na yowe lililokatika katikati. Walimkuta amelalia cherehani yake, mikono imevunjwa ikageuzwa nyuma, mkasi umezama shingoni mpaka kwenye vishikio. Damu ilikuwa imeruka hadi dari. Polisi walisema ni wezi.

Vuai alifungua safu. "Jacques", kitupu, 904. Kile kitu kilikuwa kimesimama kati ya mtu na mlango wake. Kwenye hashi, Jacques alibaki hana chochote, na 904 ilikuwa ya Mgeni. Akampigia simu shangazi yake Kudra wa Turffontein, upande wa kusini wa jiji, ambaye tangu ujana wake alikuwa akiwatoa watu mashetani. Akamsimulia yote.

"Ulimpa jina?" Kudra aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilimpa, shangazi."

"Ukamkaribisha?"

Vuai aliitupia jicho spika ya mlangoni.

"Ole wako, mwanangu. Asiye na jina hupita tu. Huyu sasa ana jina, na mlango anao. Aliyemkaribisha ndiye wa kumtoa, kwa mdomo wake. Simama mbele yake umwambie toka. Nakuja."

"Karibu Mgeni," ikasema mashine.

Vuai alitazama kioo cha kompyuta. "Mamie", kitupu, 1106. Mamie, mkewe, msusi, alikuwa amempita sasa hivi na mfuko wake wa nywele, na lifti ilikwisha kufunga. Aliikumbatia kompyuta akapanda ngazi mbio, Pitchou nyuma yake akihema, na kila ghorofa harufu ile ya nywele zinazoungua ikazidi, na juu wakasikia kitu kizito kinapigwa ukutani, kinaburutwa, kinapigwa tena, na kati ya kishindo na kishindo sauti ya Mamie ikilia, "Vuai, iko inaniua! Vuai!", mpaka wakaufikia mlango ukiwa wazi wakamwona amening'inia hewani kwa nywele zake mwenyewe, mdomo unachuruzika damu, na hakuna mkono uliomshika.

Pitchou aliingia na rungu. Kitu kikamkamata taya, kikalivunja, kikamrusha nje kwenye korido akaanguka kama gunia.

"Toka," Vuai alitaka kusema. Neno moja tu! Mdomo haukufunguka. Alipiga magoti pale koridoni, akafungua kompyuta, akaufuta ule mstari wa Mgeni, akaandika mwingine wa kutupa vitupu vyote, akautuma. Ndani kukawa kimya. Mamie akaanguka sakafuni, akakohoa, akawa hai. Vuai alimkumbatia akalia kwa sauti.

Kudra alifika akasimama kizingitini, akinusa. "Ulimwambia toka?"

"Nimemfuta, shangazi."

"Sikukuuliza hivyo."

"Amekwenda! Mtazame, mzima!"

Kudra alimtazama Mamie, akajifunga vizuri mtandio, na hakuvuka kizingiti.

Asubuhi Mamie alirudi kutoka spaza, kile kiduka cha mtaani, na mkate. Vuai alikuwa chini, akimsubiri kwa furaha. Mamie akaweka kidole.

"Karibu Mgeni."

Vuai akaifungua safu. Haikuwa na kitupu hata kimoja. Ilikuwa imenyooka vizuri, jina na namba: "Mgeni", 1106. Jina la Mamie halikuwamo popote.

Mkewe akamgeukia akatabasamu, fizi zimejaa damu. Mamie, Mkongo wa Bukavu, hakuwahi kujua Kiswahili cha Unguja, lakini alichosema alikisema kama mtu aliyezaliwa Makunduchi.

"Ahsante, mume wangu. Nishakaribia."