Mbega wa Kinondo na Mwana wa Kuazima

"Hii siisomi," Mwanarusi alisema, akavua vipokea sauti na kuviweka mezani.

"Mke wangu, ni sentensi moja tu."

"Ni uongo mmoja tu."

Swabir alijipangusa uso. Chumba chao cha kurekodia pale Ukunda kilikuwa kimezibwa kwa magodoro, na feni imezimwa isisikike. Yeye hupiga picha za wanyama, mkewe husoma maelezo. Walikuwa wamechoka, na si kwa kazi peke yake. Filamu yao ya mbega wa msitu wa Kinondo ilikuwa ikingojwa na televisheni moja ya Nairobi jioni hiyo.

Kwenye skrini, mbega alikuwa amempakata mtoto mweupe, mzima, juani. Maelezo yalisema: "Baada ya kuanguka mtini, mtoto amepona."

"Huyu umempiga picha kwenye bustani ya hoteli," Mwanarusi alisema. "Kinondo nilikuwapo, nimekushikia mkoba wa betri. Mtoto alikufa. Mamake akawa anambeba vivyo hivyo, hataki kumwacha."

"Picha za siku ile zina giza. Halafu zinatikisika."

Simu ikaita. Alikuwa Cynthia, msimamizi wao wa Nairobi.

"Swabir, iko wapi? Boss anataka picha clean na ending iwe happy. Watu wamechoka na huzuni, bana."

"Inakuja, dada."

Alipokata, mkewe alikuwa bado anamtazama.

"Tangu lini mkono wako ukatikisika?"

"Nilikuwa nalia."

Mwanarusi alikaa kitini polepole. Mtoto wao, Kheri, aliishi siku moja tu, mwaka jana, na Mwanarusi hakuwahi kumwona mumewe akimlilia. Tangu hapo walilala wamepeana migongo.

"Ulirudi makaburini ukanawa miguu, ukasema alhamdulillahi, ukanyamaza," alisema. "Sisi wanawake hatwendi kuzika. Macho yangu kule yalikuwa wewe. Mwaka mzima nangoja uniambie, leo waniletea mtoto wa kuazima nimsome kwa sauti yangu."

"Nilitaka nikuletee mmoja aliyepona."

"Simtaki. Namtaka wangu. Nisimulie."

Swabir alitazama magodoro.

"Niliingia kaburini mwenyewe nikampokea. Alikuwa mwepesi, Mwanarusi. Kaka yangu akaniambia nimlaze, nikashindwa, mpaka akanishika kiwiko. Nilipomfunua uso niliziona nywele. Nyingi, kama zako."

"Zilikuwa nyingi?"

"Nyingi sana."

Walilia wote wawili, kila mmoja kwenye kiti chake, kisha kwenye kiti kimoja. Wangelia hivyo mwaka jana, wangejipunguzia taabu nyingi.

"Rudisha picha zako za giza," Mwanarusi alisema mwishowe.

Swabir akazirudisha, kisha akamwandikia Cynthia: "Dada, mtoto wa mbega alikufa. Filamu inakuja kama ilivyokuwa. Mkiikataa, mtuwie radhi."

Jibu likaja: "Hiyo haiwezi pita. Usinifanyie hivyo."

Aliilaza simu kifudifudi. Mwanarusi akavaa vipokea sauti, akayaacha maelezo ya karatasini na kusema yake:

"Mwanawe amekufa. Bado anambeba. Wenzake wamesogea mti mwingine kula, na mmoja amerudi kukaa naye."

Pale mwishoni sauti yake ilitetemeka.

"Turudie?" Swabir aliuliza. "Imetetemeka."

"Iache hivyo hivyo, Baba Kheri."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo.