Bale ni Banani?

Nina miaka ishirini. Niliosoma nao wote wamekwisha kupata diploma ya sekondari. Mimi niko hapa mtaa wa Saio, natia chumvi samaki, na moyo unachemka... Wasomaji wenzangu, msinitafutie maneno ya kunituliza. Nina hasira, na nina haki nayo.

Tulikimbia vita Djugu nikiwa bado mdogo. Hapa Bunia mama alianza kuuza makayabo, samaki wa chumvi, ambao huwaagiza wakiwa wabichi kutoka Kasenyi, kando ya ziwa. Samaki hao ndio walionisomesha mpaka darasa la sita la sekondari. Ulibaki mtihani wa serikali tu.

Mwaka huo shule yetu ikajitia ya kisasa. Simu zikaruhusiwa, mwalimu wa informatiki akatufungulia grupu la darasa. Tulifundishwa kupokea masomo na kutuma kazi. Kufikiri kabla ya kutuma, nani alitufundisha? Hakuna!

Kiongozi wa grupu alikuwa Grâce, rafiki yangu wa kula sahani moja. Alipolijaza video za muziki, mwalimu alimwondoa, akaniweka mimi. Grâce alicheka, akasema hana neno. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Siku moja mama aliagiza samaki wengi. Nikamtumia Grâce sauti mbili, maana alizoea kuja kutusaidia. Ya kwanza ilimwambia kwamba mama ameagiza samaki. Ya pili ilisema hivi:

"Bale ba Kasenyi banafika kesho asubui. Lete kisu yako mukali, tutabakata vichwa bote, asibakie hata moya."

Nyumbani kwetu samaki husemwa kama watu: bale, banafika. Ukijua ni samaki, hakuna la ajabu. Lakini Bunia ya wakati ule ilikuwa imenyamaza tu, haikuwa imesahau vita vya kabila kwa kabila. Mtoto wa Djugu anasema atakata vichwa vya wale wa Kasenyi... Nani angesubiri maelezo?

Grâce alichukua ile ya pili peke yake, akaitupa katika grupu la darasa. Wanafunzi wakawatumia wazazi. Wazazi wakawatumia ndugu zao wa mtaa wa Lumumba, nao wakaipeleka mbele. Kabla ya saa sita mchana watu walikuwa wamemzunguka mama sokoni. Walimwaga samaki matopeni, wakamsukuma akaanguka, wakamkanyaga mkono wa kulia. Mkono ulionisomesha! Mpaka leo vidole viwili havikunjiki.

Prefe, yaani mkuu wa shule, akaniita ofisini. Akaniuliza kama sauti ni yangu. Nikasema ni yangu, lakini kuko ingine ya mbele, asikilize... Akainua mkono.

"Inatosha. Weye utaletea siye moto hapa ku masomo. Enda kwenu."

Kwetu wapi? Jina langu likaondolewa kati ya watahiniwa. Sauti ya kwanza ilikuwa ndani ya simu yangu, palepale mkononi. Kuisikiliza kungemchukua muda wa kumeza mate tu. Mtu mzima, msomi, alishindwa!

Na Grâce? Alisema ulikuwa mchezo. Akafanya mtihani, akapasi. Mimi sijamsamehe, na nisidanganye kwamba niko njiani kumsamehe.

Juzi shangazi yangu wa Mahagi alinitumia sauti, na chini yake maneno: "Mutoto yangu, ujichunge na huyu mwanamuke." Nikafungua. Ni mimi... Dada wa damu wa baba yangu hakuitambua sauti yangu! Nikampigia, nikamuuliza kama alijua hao bale ni akina nani.

"Nilituma tu vile nilipata," akasema.

Basi mnisikilize. Walimu, mkiruhusu simu darasani, fundisheni kwanza kidole kutulia. Nanyi wanafunzi, wazazi, mashangazi, sauti ya mtu ikiingia katika simu yenu, ulizeni kwanza: bale ni banani? Swali fupi hivyo lingeokoa masomo yangu na mkono wa mama. Mji mzima haukuliuliza.

Siku hizi samaki wakifika, mama hataki niseme neno. Ananionyesha tu pa kukata, kwa vidole vile vile visivyokunjika.