Utepe Mweusi wa Samia

Nzi hawakutua kwenye ile damu.

Ilikuwa ya mbuzi wa pilau, aliyechinjwa asubuhi kwa ajili ya watu wa zoezi. Sista Mwanvita ndiye aliyeikinga kwenye ndoo. Alitaka ajali ya basi ya kuigiza, pale kwenye kona ya Mkange, ifanane na ajali ya kweli, ili wahudumu wa magari ya wagonjwa wazoee mapema. Akawamwagia majeruhi wake, na ardhi pia, jua likiwa utosini.

"Sista, hapa pana wenyewe," dereva Maulidi alimnong'oneza. "Damu haimwagwi saa hizi bila hodi."

"Wenyewe watatusamehe, Mzee Maulidi. Tunajifunza kuokoa watu."

Mdogo wake Mwanvita, Samia, aliigiza maiti. Alifungwa utepe mweusi mkononi, maana yake huyu ameshakufa, mpite, kimbilia walio hai. Mwanvita alikuwa ameisimamia sheria hiyo wiki nzima kwa ukali.

Filimbi ikalia. Alipompita mdogo wake, alisikia harufu ya udi, kisha sauti ndogo.

"Dada... kuna mtu kanikalia kifuani."

"Maiti hasemi, wewe. Lala." Akapita anacheka. Mungu amsamehe, alicheka.

Nyuma yake ubavu ulivunjika, ukafuata mwingine, na alipogeuka alimwona Samia ameinuliwa hewani kwa shingo na mkono usioonekana, akabamizwa chini, akainuliwa, akabamizwa tena, damu yake mwenyewe sasa ikimtoka puani na masikioni, huku wahudumu wakimkwepa na kumpita kwa sababu ya ule utepe.

Mwanvita na Maulidi walimng'ang'ania, wakamwingiza garini. Maulidi akakanyaga mafuta kuelekea hospitali, huku akisoma Ayatul Kursi. Nyuma, kinywa cha Samia kikatoa sauti nzito ya kiume.

"Mmenipa damu. Mmemfunga na alama ya kifo. Huyu wangu."

"Mwache! Nakuomba, mwache!"

"Basi nipe mwingine."

Mwanvita hakufikiri mara mbili. Alichukua mkasi, akaukata utepe, akajifunga mwenyewe, fundo akalikaza kwa meno.

Maulidi, ambaye hakuthubutu kutazama nyuma, alimsikia Samia akivuta pumzi na kuanza kulia. Akasema alhamdulillahi. Kisha mbavu zikaanza kuvunjika tena, moja baada ya nyingine, safari hii upande alipokaa Mwanvita, na Samia akawa anapiga kelele, "Dada! Dada yangu!"